Manju wa Usukuma: kiongozi aliyepimwa kwa miguu ya watazamaji

Shinyanga na Geita hazina okestra ya simfoni. Lakini kazi anayoifanya kondakta mgeni katika miji mikubwa ya Ulaya, yaani kufika ugenini, kukabidhiwa kundi la watu ambao hakuwalea yeye, kuwasoma upesi, kisha kuwatoa mbele ya umma wakiwa kitu kimoja, imefanyika Usukumani kwa vizazi kadhaa. Anayeifanya anaitwa manju. Ni mtunzi, mwimbaji, mpangaji wa ngoma, mwalimu, na mara nyingi mganga pia. Wengi hueleza umahiri huo kwa kusema kwamba manju huzaliwa. Mimi nashikilia kwamba alifinyangwa na hadhira iliyokuwa huru kumwacha akiimba na kuhamia kwa mwenzake.

Masimulizi ya wazee yanawataja waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, walioshindana kwa dawa na nyimbo. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu, na mgawanyiko huo ukaenea Usukuma nzima kwa namna ambayo kila kikundi cha ngoma kilijua kiko upande gani. Wakati wa mashindano ni kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani na pamba ikishauzwa. Vikundi viwili hupewa uwanja mmoja na kuanza kwa wakati mmoja, kila kimoja na manju wake, ngoma zake na njuga zake. Hakuna zamu. Watazamaji husimama katikati, husikiliza huku, husikiliza kule, na upande uliovuta umati mkubwa ndio ulioshinda. Manju anauona uamuzi huo ukitendeka mbele ya macho yake: mstari wa watu unapoanza kumegeka kuelekea upande wa pili, ana muda mfupi sana wa kubadili wimbo, kuharakisha mapigo, kuwaingiza wachezaji wa nyoka au kumrushia hasimu wake kijembe kitakachowarudisha watu wakicheka. Asiyejua ila jambo moja angebaki peke yake kabla jua halijatua.

Shule yake nyingine ilikuwa shamba. Vijana waliolima kwa zamu au kwa malipo walilima kwa ngoma, na hapo ndipo bugobogobo ilipopata sura yake: safu ya wakulima, jembe linapanda pamoja, linazungushwa hewani, linadakwa, linashuka ardhini kwa pigo lile lile. Mtafiti wa muziki Frank Gunderson, ambaye mwaka 2010 alichapisha kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, ameonyesha jinsi ngoma hiyo ya wakulima ilivyoota kutoka bununguli, chama cha wawindaji wa nungunungu. Pamba ilipotawala uchumi wa eneo hili na vyama vya ushirika vikaungana katika Shirikisho la Victoria mwaka 1955, mikono ya kulima ilihitajika zaidi kuliko mikuki, na manju wakaifuata kazi mpya. Mwenye shamba hakuwalipa kwa uzuri wa sauti. Alitazama ekari zilizolimwa. Manju aliyepandisha mapigo mapema mno aliwachosha watu wake kabla ya adhuhuri, na kosa lake lilionekana ardhini.

Yupo atakayesema kwamba ninamvika manju kanzu isiyo yake: kondakta hufuata maandishi ya mtunzi, haimbi, na haubadilishi muziki katikati ya onyesho. Hilo ni kweli kwa kondakta wa leo, lakini Ulaya yenyewe ilichukua muda mrefu kumtoa kiongozi katikati ya wapigaji. Lully, mtunzi wa mfalme wa Ufaransa, alihesabu mapigo kwa kugonga fimbo sakafuni, akajiumiza mguu na kufa kwa jeraha hilo mwaka 1687. Baada yake, kwa miaka mingi, okestra ziliongozwa na mpiga kinanda au mpiga fidla aliyekuwa akipiga pamoja na wenzake. Kiongozi asiyepiga chombo chochote alizoeleka karne ya 19, enzi za Mendelssohn pale Leipzig. Manju anafanana na wale wa kwanza, na hilo halimpunguzii hadhi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Washindani wenyewe walisema ushindi hutokana na samba, dawa ya kuvuta watu, na mbele ya imani hiyo hadithi yangu ya hadhira huru inaweza kuonekana ya mtu wa nje. Sioni haja ya kuwabishia. Dawa ilipewa nguvu ya kuvuta umati kwa sababu umati ulikuwa unaweza kwenda popote. Hakuna anayetafuta samba kwa ajili ya watu waliokwisha kufungiwa ukumbini na kulipishwa kiingilio. Tena kila upande ulikuwa na waganga wake, na hata hivyo ilibidi nyimbo mpya zitungwe kila msimu.

Kilichofuata baada ya uhuru kilihifadhi mengi na kupoteza jambo moja, umati ulio huru kuondoka. Bugobogobo iliingia katika ngoma za kikundi cha taifa, kisha ikafundishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na leo kijana wa Mtwara anaweza kuzungusha jembe kwa ustadi. Nalithamini hilo kwa dhati. Lakini jukwaani ngoma huchezwa kwa dakika chache, kwa mpangilio uliokwisha kukaririwa, mbele ya wageni walioketi. Hata santuri zilikuwa na ufinyu huo. Hugh Tracey aliporekodi Tanganyika mwaka 1950, upande mmoja wa santuri ulibeba takriban dakika tatu, wakati shindano la Usukumani lingeweza kumaliza siku nzima. Wimbo ulihifadhiwa; namna manju alivyouacha njiani na kushika mwingine watu walipoanza kuondoka haikuweza kuhifadhiwa.

Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, alilielewa jambo hili kuliko wengi. Pale Bujora, Kisesa, aliiweka ngoma karibu na sikukuu ya Ekaristi, na tamasha la Bulabo likaendelea kuwakutanisha Bagika na Bagalu kama mahasimu. Makumbusho aliyoyaanzisha huonyesha ngoma za watemi, lakini nadhani uwanja ulioachwa wazi kwa ajili ya mashindano una thamani kubwa zaidi.

Kuna wanaosema uwanja mpya ni simu, na kwamba waimbaji kama Bhudagala Mwanamalonja wanapimwa na watazamaji wengi kuliko manju yeyote wa zamani. Idadi siibishii. Ila anayezima simu haonekani na mpiga ngoma, na wimbo uliokwisha kurekodiwa hauwezi kugeuzwa kwa ajili yake. Maofisa utamaduni wa Shinyanga na Geita wanaweza kurekebisha hili bila bajeti kubwa. Waondoe meza ya majaji na karatasi za alama, vikundi viwili vianze pamoja kwenye uwanja mmoja, na kimojawapo kikabidhiwe manju wa kualikwa, wa Kahama kwa kikundi cha Geita au wa Geita kwa kikundi cha Kahama, siku moja tu kabla ya shindano.