Si kila aliyebadilika amelewa

Mtafuna muguka wa Likoni au Changamwe, Mombasa, hasemi amelewa. Husema ana stimu. Yuko sahihi. Muguka, kama miraa, una kathinoni, kichangamshi kinachofukuza usingizi na kufungua maongezi. Kulewa tumwachie mnywaji wa tembo la mnazi: ulimi mzito, miguu inapepesuka.

Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka kuingia Mombasa, mabishano yalikuwa makali, na maneno yalichanganywa ovyo.

Neno linaloniuma zaidi ni kupagawa. Kijana amekesha akitafuna, sasa anasikia sauti na kudai anafuatwa. Jirani husema kapagawa, ana pepo, hospitali inasahaulika. Huyo amechanganyikiwa. Mpelekeni kwa daktari, mkaeleze hajalala tangu lini na ametafuna nini.