Habari za Mafuta ya Karai Yaendeshayo Motokaa

 Leo tutazungumza habari ya kitu ambacho huenda umekipita jioni hii hii ukirudi nyumbani, nacho ni karai la mafuta. Mama akaangaye mihogo kando ya njia, au kijana wa chipsi katika kibanda chake, akiisha kazi yake hubaki na mafuta meusi, mazito, yenye chembe zilizoungua. Wengine huyamwaga mtaroni. Wengine huyaongeza mafuta mapya kesho yake, na wateja wakarudi kwao na kiungulia. Lakini mafuta hayo hayo yaweza kuendesha motokaa. Huu si uganga, wala si jambo jipya. Asili yake imo katika siku za kwanza za mtambo wa dizeli, na historia hiyo yatugusa sisi watu wa Afrika kuliko wengi wetu tujuavyo.

Neno dizeli, tulitajalo kila siku penye vituo vya mafuta, ni jina la mtu. Rudolf Diesel alizaliwa mjini Paris mwaka 1858, na wazazi wake walikuwa Wajerumani. Alisomea uhandisi mjini Munich. Jambo lililomsumbua akili tangu ujana wake lilikuwa upotevu. Mitambo ya mvuke ya siku zile ilikula makaa mengi ikatoa kazi kidogo. Karibu sehemu tisa katika kila kumi za joto lake zilipotea bure hewani. Diesel alitafuta mtambo usio mpotevu. Mwaka 1893 alipewa hati ya kuulinda uvumbuzi wake, na mwaka 1897, katika mji wa Augsburg, mtambo wake ulipimwa ukaonekana kwamba zaidi ya robo ya joto la mafuta yageuka kuwa kazi. Kwa siku zile hilo lilikuwa ajabu.

Sasa, ili uelewe habari inayofuata, fikiri juu ya pampu ya baiskeli. Ukitia upepo kwa nguvu, shika sehemu yake ya chini: ni ya moto. Hewa ikibanwa hupata joto. Mtambo wa dizeli waibana hewa ndani ya silinda kwa nguvu nyingi mno, hata hewa ikawa na moto wa kuwasha mafuta yakinyunyizwa humo. Hauhitaji cheche kama mtambo wa petroli. Kwa sababu hiyo haubagui sana. Mafuta yoyote yawezayo kunyunyizwa kama umande na kushika moto, mtambo huo waweza kuyala.

Jambo hili lilionekana katika Maonyesho Makuu ya Paris mwaka 1900. Kampuni ya Otto iliweka hapo mtambo mdogo wa dizeli, ukaendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ulikwenda vizuri hata watu wachache tu katika wale waliopita mbele yake walijua kwamba haukunywa mafuta ya kuchimbwa. Tafadhali sikiliza vema hapa, maana hadithi hii husimuliwa vibaya mara nyingi. Utaambiwa kwamba Diesel aliubuni mtambo wake kwa ajili ya mafuta ya karanga. Sivyo. Diesel mwenyewe alieleza mwaka 1912 kwamba mtambo ule ulitengenezwa kwa mafuta ya kuchimbwa, ukatiwa ya karanga bila ya kubadilishwa kitu, na kwamba waliotaka jaribio lile lifanywe walikuwa serikali ya Ufaransa.

Kwa nini Ufaransa? Kwa sababu ya makoloni yake. Karanga zilistawi sana Afrika, Senegal hasa, na serikali ile ilitaka kujua kama nguvu za mitambo huko zaweza kupatikana kwa mazao ya huko huko, pasipo kuleta makaa kwa meli. Basi fikiri, ndugu yangu: mkulima wa Senegal na jembe lake alikuwamo katika hesabu za mtambo wa dizeli tangu mwaka 1900, wala hakuna aliyemwuliza.

Diesel aliamini kwamba siku moja mafuta ya mimea yatakuwa na thamani kubwa kama yale ya kuchimbwa. Hakuishi kuiona siku hiyo. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alikuwa ndani ya meli iitwayo Dresden, akivuka bahari kwenda Uingereza. Asubuhi hakuonekana chumbani mwake, na maiti yake iliokotwa baharini siku chache baadaye.

Baada yake mambo yakaenda njia nyingine. Mafuta ya kuchimbwa yalikuwa rahisi, tena mepesi. Mitambo mikubwa ya kwanza, iliyokaa mahali pamoja, ilivumilia mengi. Lakini dizeli ilipoingia katika malori na motokaa, mafundi waliziunda pampu na nozo zenye matundu membamba sana, kwa kipimo cha mafuta mepesi. Mafuta ya mimea ni mazito mara kumi na zaidi kuliko dizeli. Ukiyalazimisha kupita katika tundu jembamba yakiwa baridi, hayatoki kama umande. Hutoka kama mate. Matone makubwa hayaungui yote. Masizi hujikusanya penye nozo, ringi za pistoni hunata, na mafuta mabichi huteremka chini yakaiharibu oili ya injini. Motokaa itakwenda, nawe utafurahi. Miezi michache baadaye utamtafuta fundi.

Dawa ya uzito huo ilipatikana kwa sababu ya mawese ya Kongo. Wabelgiji walikuwa na mawese tele katika koloni lao, na petroli ilitoka mbali. Mwaka 1937 profesa mmoja wa Brussels, jina lake G. Chavanne, alipewa hati kwa njia ya kuyageuza mafuta ya mimea kwa alkoholi. Kiini chake ni hiki. Kila chembe ya mafuta ni kama mtu mmoja aliyebeba mizigo mitatu, na yule mbebaji ni glisirini. Alkoholi, ikisaidiwa na dawa kali, huichukua ile mizigo mitatu mmoja mmoja, na glisirini huachwa peke yake. Kinachopatikana ni mafuta mepesi, karibu sawa na dizeli. Mwaka 1938 basi la abiria lilikwenda kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta ya mawese yaliyogeuzwa hivyo. Abiria wa basi lile walisafirishwa kwa jasho la wakwezi wa michikichi wa Kongo, nao labda hawakujua, kama vile wale wa Paris wasivyojua habari ya karanga.

Walakini mafuta ya kula ni chakula, na hapo ndipo shida kubwa. Wazee wa Kongwa watakumbuka, au waliwasimulia watoto wao, habari ya mpango wa karanga wa Tanganyika. Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia baada ya vita, wakaanza mwaka 1947 kufyeka pori la Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea, kwa matrekta. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na mamilioni ya paundi yamepotea. Matrekta yalichoma mafuta kwa maelfu ya galani ili mafuta ya kula yapatikane, nayo hayakupatikana. Baada ya hayo, nani angethubutu kuchukua mafuta ya sufuriani akayatia katika trekta?

Wako waliothubutu, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. Katika kisiwa cha Bougainville, upande wa mashariki wa Papua New Guinea, watu waligombana na serikali yao juu ya machimbo makubwa ya shaba ya Panguna. Machimbo yalifungwa mwaka 1989, na mwaka uliofuata kisiwa kilizingirwa: hakuna dawa, hakuna sabuni, hakuna mafuta yaliyoruhusiwa kuingia. Lakini minazi ilikuwapo. Wakakuna nazi, wakakamua, wakachemsha tui mpaka mafuta yakapanda juu, kama wafanyavyo bibi zetu wa pwani, wakayachuja na kuyatia katika magari ya dizeli. Magari yakaenda barabarani yakinuka nazi. Hali ya hewa iliwasaidia. Msikilizaji wa Unguja au Lamu ajua kwamba mafuta ya nazi huganda ndani ya chupa asubuhi ya baridi. Katika nchi ya joto la daima hubaki maji.

Basi kama mafuta mapya ni chakula, yako yaliyokwisha pika chakula. Fikira hii ilipata nguvu baada ya mwaka 1973, bei ya mafuta ya kuchimbwa ilipopanda ghafula. Wataalamu walirudia kazi ya kugeuza mafuta ya mimea, na katika mji wa Graz, nchini Austria, walishughulikia hasa yale yaliyotoka makaraini. Tangu mwaka 1994 mabasi ya mji ule yalianza kuendeshwa kwa mafuta ya kukaangia yaliyokusanywa na kugeuzwa. Katika kisiwa cha Maui, katika Hawaii, mafuta ya hoteli yalikuwa yakimwagwa jalalani. Mwaka 1996 kiwanda kikafunguliwa cha kuyageuza kuwa dizeli.

Watu binafsi nao hawakungoja viwanda. Walinunua Mercedes kuukuu za dizeli, zile za miaka ya 1970 na 1980 zenye pampu za chuma tupu zisizo na mambo ya elektroniki, wakazunguka nyuma ya mikahawa na madebe. Kazi yao ilikuwa na taratibu. Mafuta huachwa yatulie siku nyingi, kwa maana maji na makombo huzama. Ya juu huchujwa kwa kitambaa kizito, tena na tena. Maji ndiyo adui mkubwa. Hulia mafuta yakipashwa moto, kila mpishi ajua sauti hiyo, na yakiingia katika pampu huleta kutu. Kisha motokaa hutiwa tangi la pili. Mtu huwasha kwa dizeli ya kawaida. Injini ikipata moto, maji yake huyapasha mafuta ya karai mpaka yawe mepesi, ndipo hugeuza koki. Kabla ya kuzima hurudi kwenye dizeli ili kusafisha mirija. Ukisahau mara moja, asubuhi injini haitaki kuamka. Wengine waligeuza mafuta nyumbani kwa methanoli na kostiki, ile itengenezayo sabuni. Hapo nakuonya waziwazi: methanoli ni sumu ipofushayo macho, moshi wake hushika moto, na kostiki huunguza ngozi. Hiyo si kazi ya jikoni penye watoto.

Muda si muda serikali zikanusa. Nasema zikanusa kwa maana halisi. Mwaka 2002, upande wa kusini wa Wales, iligunduliwa kwamba madereva wengi walikuwa wakitia mafuta ya kupikia bila ya kulipa ushuru wa barabara uliomo katika bei ya dizeli, na moshi wa magari yao, ulionuka chipsi, uliwasaliti. Watu walishikwa wakatozwa faini. Mwaka 2007 Uingereza iliona afadhali kuwaachia wadogo: anayetengeneza au kutumia mafuta hayo chini ya lita 2,500 kwa mwaka hatozwi. Kwa maoni yangu ile ilikuwa sheria ya busara.

Tena kitu kikishapata bei, hupata na wezi. Katika miji ya Marekani madebe yaliyokuwa yakiachwa nyuma ya mikahawa, ambayo zamani wenyewe walilipa yachukuliwe, yalianza kuibwa usiku. Huko China mambo yalikuwa ya hatari zaidi, kwa sababu mafuta yaliyochotwa mitaroni yalisafishwa rangi yakauzwa tena kama chakula; mwaka 2011 polisi waliwakamata watu 32 katika msako mmoja. Waona, basi, kwamba kuyakusanya kwa ajili ya mitambo ni njia mojawapo ya kuyaondoa vinywani mwa watu. Mwezi wa Juni mwaka huo huo eropleni ya abiria ya Uholanzi iliruka kutoka Amsterdam kwenda Paris, na mafuta ya karai yamechanganywa katika mafuta yake. Paris ile ile ya mafuta ya karanga.

Nchi za Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2009, ziliyahesabu mafuta yaliyokwisha tumika mara mbili katika hesabu ya nishati safi, na hapo bei ikapanda zaidi. Meli zikaanza kuyaleta kutoka Asia. Pakazuka tuhuma kwamba baadhi yake ni mawese mapya yaliyopewa jina la uchafu, kwa kuwa uchafu una bei kupita kitu safi. Kupima si rahisi, maana mawese yaliyokaanga na mawese yaliyochafuliwa makusudi hufanana sana.

Yamkini wewe una pikapu ya dizeli, nawe wamjua mwenye kibanda cha chipsi. Kama gari lako ni la miaka hii, lenye pampu ya kompyuta na chujio la masizi penye bomba la moshi, usijaribu. Hasara itazidi faida. Kama ni kuukuu, usianze na gari. Anza na chupa nyeupe ya kioo. Mwombe mwenye karai akujazie mafuta yaliyopoa, uiweke chupa dirishani juma zima bila ya kuitikisa. Matambara uliyopangusia usiyarundike pamoja, kwani matambara yenye mafuta ya mimea huweza kujiwasha yenyewe. Siku ya saba tazama chini ya chupa, upime kwa rula unene wa tope na wa maji, uandike. Leteni vipimo vyenu katika kikundi, na juma lijalo, saa hii hii, tutaanza somo kwa chupa hizo.