Mwendo nasibu wenye matawi

Katika nadharia ya uwezekano, huu ni mchakato ambamo kila mzazi hupata idadi ya watoto isiyotabirika, na kila mtoto hutua umbali wa kubahatisha kutoka kwa mzazi wake. Mfano ulio karibu ni mikoko ya Bodo, kusini mwa Msambweni, mkabala na kisiwa cha Funzi. Tunda la mkoko huchipua likingali mtini. Mche wake mrefu huanguka ukajichomeka topeni papo hapo, au ukachukuliwa na maji ya bamvua.

Ukoo wenyewe, bila kujali mahali, ni mti nasibu wa Galton na Watson (1874). Bienaymé aliwatangulia mwaka 1845. Wastani wa watoto ukiwa chini ya 1, ukoo hutoweka, hata ukianza kwa kishindo. Ukizidi 1, una nafasi ya kudumu.

La ajabu ni ukingo wa ukoo, yaani mahali alipo mzawa aliye mbali zaidi na chanzo. Msafiri mmoja asiye na mwelekeo, baada ya hatua n, huwa amefika umbali wa kadiri ya kipeuo cha pili cha n tu. Ukoo unaodumu husogeza ukingo wake kwa kasi isiyopungua, mradi miruko mirefu mno iwe adimu. Hayo yalithibitishwa na Hammersley, Kingman na Biggins kati ya 1974 na 1976. Maji ya Bodo, hata hivyo, hayabahatishi kiasi hicho: kusi na kaskazi zina pande zake.