Pembe ya jicho: Ngozi ya paji inavyoziba pengo la saratani

Na Mwandishi Wetu

KIDONDA kidogo mithili ya punje ya mtama, kilichojikita kwenye pembe ya ndani ya jicho, pale jicho linapokaribiana na pua, mara nyingi hudhaniwa kuwa chunusi au mkwaruzo wa miwani.

Mwenye nacho hukipaka mafuta na kubandua kigaga, lakini baada ya siku chache kigaga hurudi. Hivyo ndivyo miezi inavyopita.

Kidonda cha namna hiyo, kinachokaa wiki kadhaa bila kupona na kutoa damu kila kinapoguswa, chaweza kuwa saratani ya ngozi. Nayo pembe ya jicho ni miongoni mwa sehemu za uso zinazowapa kazi kubwa madaktari wa upasuaji.

Ngozi ya hapo ni nyembamba na mfupa uko karibu. Chini yake kuna vijifereji viwili vinavyopeleka machozi puani, pamoja na kano linaloshikilia kope kwenye mfupa. Nyuma yake ni tundu lenye jicho lenyewe.

Saratani inayoanzia katika seli za chini za ngozi ya juu hukua polepole na ni nadra kusambaa mbali mwilini, lakini hapo huweza kuchimba hadi ndani ya tundu la jicho. Aina nyingine, ambayo barani Afrika huwaandama sana watu wenye ualbino, huweza pia kufikia tezi zilizo mbele ya sikio na chini ya taya.

Kwanza saratani, kisha sura

Matibabu huanza kwa kukata kinyama kidogo na kukipima maabara. Ikithibitika kuwa ni saratani, na ikidhaniwa kuwa imeingia ndani, mgonjwa hupigwa picha kuonyesha kina chake.

Uvimbe huondolewa pamoja na ukingo wa ngozi inayoonekana nzima, kisha kingo hizo huchunguzwa kwa hadubini. Daktari Mmarekani Frederic Mohs alichapisha mwaka 1941 mbinu ya kukata tabaka kwa tabaka, kila tabaka likipimwa, hadi isionekane tena seli ya saratani.

Hatua hiyo haifai kurukwa. Ngozi nene ikishonwa juu ya mabaki ya saratani, ugonjwa hukua chini yake bila kuonekana, na unapogunduliwa huenda mgonjwa akalazimika kuondolewa jicho.

Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hufungwa bandeji kwa siku kadhaa, kidonda kikiwa wazi, wakisubiri majibu ya maabara. Kusubiri huko si uzembe; ni sehemu ya tiba.

Njia za kuziba pengo

Pengo dogo huweza kuachwa lijizibe lenyewe kwa wiki kadhaa. Jingine hupandikizwa ngozi nyembamba iliyotolewa mahali pengine, kama vile nyuma ya sikio.

Pengo likiwa na kina, au mfupa ukiwa wazi, huhitajika kipande cha ngozi kinachohamishwa bila kukatwa shina lake, ili kiendelee kupata damu yake.

Kinachotumika sana hutoka katikati ya nyusi. Ngozi hiyo hukatwa kwa umbo la V, huteremshwa au kuzungushwa hadi penye pengo, na mahali ilipotoka hushonwa. Kasoro yake ni kwamba huweza kusogeza nyusi karibu na kuacha unene penye bonde la asili.

Pengo kubwa huzibwa kwa ngozi ya paji la uso. Shina lake huachwa likining'inia kwa takriban wiki tatu, kisha hukatwa katika upasuaji wa pili. Ustadi huu ni wa kale: jarida moja la London lilieleza mwaka 1794 jinsi mafundi wa India walivyotengeneza pua kwa ngozi ya paji.

Kano lililokatwa hufungwa tena mfupani ili kope zisilegee. Kijifereji cha machozi kilichosalia huweza kuwekewa mrija laini wa silikoni. Vikiondolewa vyote viwili, jicho huweza kubaki likitiririka machozi.

Baada ya upasuaji

Mgonjwa hushauriwa kuacha sigara, kwani hupunguza damu inayolisha kipande hicho. Kikigeuka cheusi au kutoa harufu, arudi hospitali mara moja. Uchunguzi huendelea kwa miaka, kwa sababu saratani huweza kurudi.

Kinga kubwa ni kujikinga na jua. Kwa watu wenye ualbino, kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kuzuia jua ni mahitaji ya kila siku.

Kwa yule ambaye kidonda chake kimekwisha kuota, wakati wa kuonana na daktari ni sasa, kingali na ukubwa wa punje ya mtama.