Fundi, Msanifu na Wenye Nyumba: Safari ya Aswan ya Mwaka 1941

Wasomaji wetu waliopitia fiqhi ya Wamaliki watakuwa wamekutana na jina la Ibn al-Rami, fundi mwashi wa Tunis wa karne ya 8 Hijria. Makadhi walimtuma kukagua kuta na vichochoro vilivyogombaniwa, kisha akaandika kitabu kizima cha hukumu za majengo, Al-I'lan bi Ahkam al-Bunyan. Fundi alikuwa katika watu wa khibra, na kauli yake ikisikilizwa barazani. Elimu ya ujenzi ilipohamia vyuo vikuu, mtu huyu aliachwa nje ya mlango.

Hassan Fathy, Mmisri aliyezaliwa mwaka 1900, alihitimu usanifu majengo Cairo mwaka 1926, kisha akasomesha katika chuo cha sanaa cha mji huo. Vita Vikuu vya Pili vilipofanya mbao na chuma kuadimika, alijaribu kuezeka nyumba kwa matao ya matofali mabichi. Yakaanguka. Ndugu yake akamwambia kwamba Wanubi huezeka hivyo bila mbao za kushikilia.

Februari 1941 Fathy alifuatana na wanafunzi na walimu wa chuo hadi Aswan, akayaona mapaa hayo katika vijiji vya Wanubi. Alipowaleta mafundi wenyewe kazini, walichora upinde wa tope ukutani kwa jicho tu, wakauchonga kwa tezo, kisha wakaegemeza safu za matofali juu yake kwa mshazari, kila safu ikilalia iliyotangulia. Matofali hayo yalitiwa makapi mengi yawe mepesi. Chumba cha mita 3 kwa 4 kilipata paa kwa siku moja na nusu. Fundi bingwa Misri huitwa muallim, neno ambalo sisi tumempa anayeshika chaki.

Ama jaribio kubwa zaidi lilikuja Gourna, ng'ambo ya Luxor. Mwaka 1945 Idara ya Mambo ya Kale ilimkabidhi Fathy kazi ya kujenga kijiji kipya cha watu wapatao 7,000 waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya wakuu wa enzi ya Mafirauni. Mafundi wa Aswan walijenga, na vijana wa Gourna wakajifunza uashi kando yao. Msikiti ulisimama, na soko, na skuli. Lakini wenyeji hawakuomba kuhama. Riziki ya wengi ilitegemea makaburi yale. Kazi ikasimama, na sehemu ndogo tu ya nyumba ikawa imekamilika.

Wako waliomlaumu kwa makuba, kwamba yanafanana na ya makaburi ya mawalii. Kwetu hilo ni jambo dogo. Mafakihi wanapojadili kuchukua nyumba ya mtu kwa maslahi ya umma hudai fidia ya haki, kwa kuwa asili ya bei ni ridhaa, na nyumba iliyosanifiwa vizuri haizai ridhaa baada ya amri kutoka.

Katika kitabu chake kilichochapishwa Cairo mwaka 1969, Fathy, Allah amrehemu, alikiri kwamba wanawake wa Gourna hakuweza kuwafikia kuwauliza. Vyuo vinavyopeleka wanafunzi wa usanifu vijijini hukisoma sana kitabu hicho kwa ajili ya matao. Sisi tungependa waanzie kwenye ukurasa huo, maana anayepika na kuteka maji ndiye angewaambia jiko likae wapi.