Kathmandu-1, Jimbo Lililomkataa Bhattarai

Tarehe 12 Mei 1991 raia wa Nepal walipiga kura katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu 1959. Katika jimbo la Kathmandu-1, mgombea wa Nepali Congress alikuwa Waziri Mkuu mwenyewe, Krishna Prasad Bhattarai. Kura zilipomalizika kuhesabiwa nchi nzima, chama chake kilikuwa kimejinyakulia viti 110 kati ya 205. Yeye alikuwa ameanguka.

Ni vigumu kumpata mtu aliyestahili kiti hicho zaidi yake. Bhattarai alikuwa Spika wa bunge lililochaguliwa 1959, lile ambalo Mfalme Mahendra alilivunja Desemba 1960 na kuwatia viongozi wake ndani. Alikaa kifungoni miaka mingi. Vuguvugu la umma la 1990 lilipomlazimisha Mfalme Birendra kuruhusu vyama tena, baada ya miaka thelathini ya mfumo wa Panchayat usio na vyama, mkongwe Ganesh Man Singh alipewa uwaziri mkuu akaukataa, na mzigo ukamwangukia Bhattarai. Kwa muda wa mwaka mmoja na ushei aliipatia nchi katiba mpya, iliyotangazwa 9 Novemba 1990, kisha akaandaa uchaguzi kama alivyoahidi. Hakuoa, hakujilimbikizia mali. Watu wa Kathmandu wanakumbuka hadi leo vitu alivyotoka navyo katika makazi rasmi ya Baluwatar: sanduku la bati, mwavuli na mtungi wa maji.

Aliyemshinda alikuwa Madan Bhandari, Katibu Mkuu wa chama cha kikomunisti cha UML kilichoundwa Januari mwaka huohuo kwa kuunganisha vyama viwili. Alikuwa bado hajatimiza miaka arobaini, mzaliwa wa Taplejung, mashariki kabisa mwa nchi. Kipaji chake kilikuwa ulimi. Alijua kuhutubia umati, na vijana wa mji mkuu walimsikiliza. Kwenye karatasi ya kura mambo yalikuwa mepesi: Congress ilikuwa na alama ya mti, UML ilikuwa na jua, na mpiga kura aligonga muhuri wa swastika, alama ya heri kwa Wahindu, juu ya picha aliyoitaka. Kathmandu-1 iligonga jua.

Matokeo hayo yaliamua nani aiongoze Nepal. Bhattarai akiwa nje ya bunge, uwaziri mkuu ulikwenda kwa Girija Prasad Koirala, mtu wa mkono mzito aliyezoea kuamua mwenyewe. Tangu hapo Congress ilikuwa na waziri mkuu bungeni na rais wa chama, Bhattarai, asiye na kiti, na wawili hao hawakuelewana.

Halafu ikaja ajali. Tarehe 16 Mei 1993 gari aina ya jipu lililombeba Bhandari na mwenzake Jiva Raj Ashrit lilitumbukia mtoni huko Dasdhunga, wilayani Chitwan. Viongozi wote wawili walikufa, dereva akanusurika. UML hawakukubali kwamba ilikuwa ajali tu, na mitaa ya mji mkuu ikawaka kwa maandamano.

Kiti kikawa wazi. Katika uchaguzi mdogo wa Februari 1994 UML walimsimamisha mjane wa marehemu, Bidya Devi Bhandari, mama wa watoto wawili wa kike. Bhattarai akaamua kujaribu tena. Koirala hakutaka agombee, wala hakuficha. Wapiga kura walimpa ushindi Bidya, na wafuasi wa Bhattarai wakatoka na uchungu dhidi ya watu wa chama chao wenyewe. Walisema mzee wao amehujumiwa, na ni vigumu kuwalaumu.

Gharama ya ugomvi huo ilidaiwa Julai. Wabunge 36 wa Congress walisusia kura juu ya hotuba ya mfalme, serikali ya Koirala ikashindwa kwa kura 86 dhidi ya 74, na bunge likavunjwa. Katika uchaguzi wa Novemba UML walipata viti 88, Congress 83, na Man Mohan Adhikari wa UML akaunda serikali ya kikomunisti chini ya mfalme. Ilidumu miezi tisa. Bhattarai alirudi bungeni 1999, lakini kupitia jimbo la Parsa-1, kule kwenye tambarare za kusini, na safari hii akawa waziri mkuu kwa chini ya mwaka mmoja.

Bidya Bhandari naye aliendelea na siasa. Oktoba 2015 bunge lilimchagua kuwa rais wa kwanza mwanamke wa Nepal, kwa kura 327 dhidi ya 214 za Kul Bahadur Gurung.

Jimbo lenyewe lilirudi mikononi mwa Congress. Prakash Man Singh, mtoto wa Ganesh Man, alishinda 2008, 2013, 2017 na 2022, huku mipaka ikichorwa upya katikati. Jina la baba lilimsaidia, ila halikumtosha. Mwaka 2017 alipambana na Rabindra Mishra, mwandishi wa habari aliyewahi kuongoza Idhaa ya Kinepali ya BBC, dada wa ile ya Kiswahili inayosikika kwetu. Singh alipata 10,936, Mishra 10,118. Miaka mitano baadaye Mishra alirudi na chama kinachotaka ufalme urejeshwe, na tofauti ikawa kura 125.

Mipaka ya sasa inalifanya jimbo hili kuwa mwenyeji wa dola yenyewe: makao makuu ya serikali, Singha Durbar, yamo, na ukumbi wa Baneshwor uliotumiwa na bunge umo pia. Majengo yote mawili yalichomwa moto 9 Septemba 2025, siku moja baada ya polisi kuwafyatulia risasi vijana waliokuwa wakiandamana. Bunge lilivunjwa siku tatu baadaye.

Wengi wataanza kutafuta chanzo cha hasira za vijana hao kwenye mitandao ya kijamii ya mwaka huo. Anayetaka kuona viongozi wa Nepal walipozoea kuumizana wenyewe kwa wenyewe huku nchi ikisubiri, aanze na uchaguzi mdogo wa Februari 1994.