Sentensi ya Kiingereza: muundo na aina zake

Sentensi ya Kiingereza ni fungu la maneno lenye kiima na kiarifu, linalotoa maana kamili. Katika maandishi huanza kwa herufi kubwa na kumalizika kwa nukta, alama ya kuuliza au alama ya mshangao. Sifa yake kuu ni mpangilio, kwa kuwa nafasi ya neno ndiyo inayoonyesha nani katenda na nani katendwa. *The dog chased the boy* ni habari ya mbwa aliyemkimbiza mvulana. Nomino hizo mbili zikibadilishana nafasi, *The boy chased the dog*, mkimbizaji ni mvulana, na hakuna neno hata moja lililobadilika umbo.

Kiswahili nacho kwa kawaida hutanguliza kiima, kikafuata kitenzi, kisha yambwa. Lakini kitenzi cha Kiswahili hubeba viambishi vya kiima na yambwa. Katika *Kitabu hiki Asha amekisoma*, viambishi *a-* na *-ki-* vinaeleza nani kasoma nini, ingawa kitabu kimetangulia. Kitenzi cha Kiingereza hakina viambishi hivyo, na ndiyo maana mpangilio wake hauchezewi ovyo.

Chimbuko la mpangilio

Hali haikuwa hivi tangu awali. Kiingereza cha Kale, kilichozungumzwa kuanzia karne ya 5 hadi muda mfupi baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, kilibadilisha maumbo ya nomino na vibainishi kulingana na kazi yake. Mfalme anayetenda alikuwa *se cyning*, anayetendwa *þone cyning*, kwa hiyo maneno yaliweza kuhamahama bila kuvuruga maana. Kadiri miisho ya maneno ilivyodhoofika katika matamshi, mpangilio ulichukua kazi yake. Mabaki ya mfumo wa kale yamo katika viwakilishi: *I* na *me*, *he* na *him*, *they* na *them*.

Ruwaza saba

Sarufi kubwa ya Quirk, Greenbaum, Leech na Svartvik, iliyochapishwa mwaka 1985, inaainisha vishazi vya Kiingereza katika ruwaza saba. Kitenzi ndicho kinachoamua ni viambajengo gani vitakavyokifuata.

1. Kiima na kitenzi: *The baby slept*. Mtoto alilala.
2. Kiima, kitenzi na yambwa: *Juma bought a bicycle*. Juma alinunua baiskeli.
3. Kiima, kitenzi na kijalizo: *The tea is hot*. Chai ni ya moto.
4. Kiima, kitenzi na chagizo: *My aunt lives in Tanga*. Shangazi yangu anaishi Tanga.
5. Kiima, kitenzi na yambwa mbili: *Asha gave the child a mango*. Asha alimpa mtoto embe.
6. Kiima, kitenzi, yambwa na kijalizo: *The news made him happy*. Habari hizo zilimfurahisha.
7. Kiima, kitenzi, yambwa na chagizo: *She put the keys on the table*. Aliweka funguo mezani.

Ruwaza ya 7 inaonyesha vizuri nguvu ya kitenzi. *She put the keys* peke yake haijakamilika, kwa kuwa *put* hudai kutajiwa mahali. Kwa hiyo mwanafunzi anayejifunza kitenzi kipya ajifunze pia kinachoandamana nacho.

Aina kwa muundo

Sentensi sahili ina kishazi huru kimoja: *The bus arrived late*.

Sentensi ambatano ina vishazi huru viwili au zaidi, vinavyounganishwa mara nyingi na *and*, *but*, *or*, *so* au *yet*: *The bus arrived late, but we reached the market*. Mkato peke yake hautoshi kuunganisha vishazi hivyo katika maandishi rasmi. Panahitajika kiunganishi, nukta au nuktamkato.

Sentensi changamano ina kishazi huru na angalau kishazi tegemezi kimoja: *We missed the meeting because the bus arrived late*. Kishazi tegemezi kinachoanza na *because*, *although*, *when* au *if* kikitangulia, kwa kawaida hufuatwa na mkato.

Aina ya nne huchanganya hizo mbili, ikawa na vishazi huru visivyopungua viwili pamoja na kishazi tegemezi: *When the rain stopped, the children went out and their mother lit the fire*.

Aina kwa kazi

Sentensi ya taarifa hueleza jambo. Ya amri huanza na kitenzi bila kutaja kiima, kwa maana anayeambiwa anajulikana: *Close the door*. Ya mshangao huanza na *what* au *how*: *What a beautiful house!*

Sentensi ya swali ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa. Kiswahili huweza kuuliza kwa kupandisha sauti tu, au kwa kuanza na *je*. Kiingereza hutanguliza kitenzi kisaidizi mbele ya kiima: *She can swim* huwa *Can she swim?* Pasipo na kisaidizi, kwa kawaida huletwa *do*, *does* au *did*: *Does she sell fish?* Kisaidizi hicho kikishabeba wakati na nafsi, kitenzi kikuu hubaki katika umbo lake la msingi. Ndiyo maana *Does she sells* si sahihi. Ukanushi nao hufuata njia hiyo: *She does not sell fish*. Katika enzi ya Shakespeare, maswali yenye *do* na yasiyo nayo yalitumika sambamba. Baadaye *do* ikawa kanuni.

Panapomkwaza msemaji wa Kiswahili

*Anasoma* ni sentensi kamili ya Kiswahili. Kiingereza hudai kiima kitajwe, *She is reading*, hata pale ambapo hakuna mtendaji: *It is raining*. Kinyume chake, kiima kikishatajwa hakirudiwi kwa kiwakilishi, hivyo *My father he is a teacher* haikubaliki katika Kiingereza sanifu.

Swali likiwa ndani ya taarifa, mpangilio hurudi kuwa wa kawaida: *I know where she lives*, wala si *where does she live*.

Majibu ya maswali kanushi nayo hutofautiana. Akiulizwa “Huji?”, msemaji wa Kiswahili anaweza kujibu “Ndiyo, siji,” akithibitisha kauli ya muulizaji. Kwa Kiingereza *Aren't you coming?* hujibiwa *No, I'm not*, kwa kuwa *yes* na *no* hufuata kauli ya anayejibu. Kutojua hili kumewaingiza wengi katika kutoelewana na wenzao bila kosa la yeyote.

Kuchambua sentensi ndefu

Njia ya kuaminika ni kutafuta kitenzi kikuu kwanza, kisha kuuliza nani katenda, halafu nini kinafuata. Katika *The farmers who came from Mbeya yesterday sold all their potatoes before noon*, kitenzi kikuu ni *sold*, si *came*, kwa kuwa *came* kimo ndani ya kishazi tegemezi kinachowaelezea wakulima. Kiima ni kila kilichotangulia *sold*, yambwa ni *all their potatoes*, na *before noon* ni chagizo cha wakati kinachoweza kuondolewa bila kuivunja sentensi. Inayobaki ni ruwaza ya 2: wakulima waliuza viazi.